Kichwa Kimejaa na Duka Halifungwi: Mshauri, Hospitali, Chama au Mchungaji?

Ilikuwa mwisho wa mwezi, saa moja jioni, katika duka langu la nafaka huku Kayole, Nairobi. Mama mmoja anayenunua kwangu kila wiki aliniagiza gorogoro tatu za ndengu. Nikachota ya kwanza, nikaisawazisha kwa kiganja, nikaimimina kwenye mfuko wake. Nikachota ya pili. Kisha nikasimama na mkebe mkononi, sijui nimefika ya ngapi. Nikarudisha zote guniani, nikaanza upya, nikapotea tena. Mara ya tatu yule mama akanishika mkono, akaniuliza kwa upole, "Mama, uko sawa kweli?" Nikamwambia ni uchovu tu. Alipoondoka niliteremsha mlango wa chuma hadi katikati, nikakaa juu ya gunia la maharagwe mpaka saa nne usiku. Sikuwa na nguvu za kumalizia kuufunga.

Baada ya siku ile kila mtu alikuwa na dawa yake. Dada yangu alisema niende kwa mshauri. Binamu yangu muuguzi alisema hospitali. Wenzangu wa chama, kile kikundi chetu cha kuchanga pesa na kupokezana kwa zamu, walisema nizungumze nao, na mchungaji akasema nije tuombe. Wote walinitakia mema, ila hakuna aliyenisaidia kuchagua. Katika miaka miwili iliyofuata niliipita milango yote minne, mingine kwa kuchelewa. Haya nayaandikia mwenye kibanda, saluni, gereji au cherehani ambaye tayari amekubali kwamba anahitaji msaada, ila hajui aanzie wapi.

Jambo moja kwanza. Kama unafikiria kujiua, au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usikae kulinganisha. Vivyo hivyo ukiona umekaa siku tatu bila kulala lakini una nguvu za ajabu, unaagiza mali ya laki bila mpango wowote. Nenda leo kwenye hospitali yenye huduma ya dharura, ukifuatana na mtu unayemwamini. Laini ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya hupigwa bila malipo, na Befrienders Kenya nao husikiliza watu waliofika ukingoni. Wako waliokuwa wakiogopa kusema kwa sababu jaribio la kujiua lilihesabiwa kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinakiuka Katiba. Hofu ya polisi isikufunge mdomo.

Mizani yenyewe

Nimepima kila njia kwa mambo manne: muda, pesa, siri na uwezo.

Muda, kwa sababu mwajiriwa huomba ruhusa na mshahara ukaingia vilevile. Sisi tukifunga asubuhi tatu, mteja anazoea duka la jirani. Pesa, na hapa usihesabu ada peke yake: kuna nauli, mauzo yaliyokupita, na cha kumpa atakayekushikia duka. Uwezo ni swali la njia hiyo inaweza kutibu nini hasa. Uchovu wa kazi, huzuni ya msiba, hofu ya madeni na ugonjwa wa sonona, ambao wengine huuita unyogovu, vinafanana ukiviangalia kwa nje, lakini havitibiki kwa namna moja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kupindukia unaoletwa na kazi kuwa hali ya kazini, likasema wazi kwamba si ugonjwa. Sonona ni ugonjwa. Wataalamu huangalia angalau wiki mbili za huzuni, au za kupoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu kila siku, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kutopita na akili kushindwa kutulia. Mtu anaposhindwa kuhesabu hadi tatu huenda ikawa ni uchovu wa siku moja, na huenda ikawa ni hiyo akili iliyoshindwa kutulia.

Siri nitaikalia zaidi, kwa maana ndiyo iliyonichelewesha mwaka mzima. Mali yangu naichukua Nyamakima, kwa wauzaji wa jumla mjini, kwa neno la mdomo: gunia leo, pesa Ijumaa. Mwenye stoo akisikia kwamba yule mama wa Kayole ameanza kuchanganyikiwa, Ijumaa yangu imekwisha. Ataniambia nilipe kwanza. Kwenye chama watajiuliza kama nikipokea zamu yangu nitaendelea kuchanga. Mwenye nyumba naye atataka kodi mapema. Watu wanaotuhimiza tuongee mara nyingi hawajawahi kuishi kwa mkopo wa maneno. Kwetu sisi jina ni sehemu ya mtaji, na anayelilinda hana ujinga wowote. Ndiyo maana wengi tunakufa na tai shingoni: duka limepakwa rangi mpya, mwenyewe hajalala wiki nzima. Kwa hiyo kila njia niliiuliza swali hili: nani atajua, na akijua atafanya nini?

Mshauri nasaha

Muda. Kipindi huwa cha kama saa moja, mara moja kwa wiki. Mimi nilihudhuria vinane. Vitatu nilikwenda mwenyewe mjini. Vitano tulizungumza kwa simu saa nane mchana, wakati wateja ni wachache, nikiwa ndani ya duka na mlango umeteremshwa. Omba saa inayolingana na biashara yako kabla ya kukubali saa yake.

Pesa. Nililipa shilingi 2,500 kwa kila kipindi, na kwa duka kama langu huo ni mzigo. Kuna nafuu ambayo wengi hawaijui: vituo vinavyofundisha washauri mara nyingi hupokea watu kwa ada ya chini, ukahudumiwa na mwanafunzi anayesimamiwa na mwalimu wake. Amani Counselling Centre, ambacho kimekuwa Nairobi tangu 1979, hutoa ushauri na pia hufundisha washauri. Pita, uliza.

Siri. Hapa ndipo ilipo imara kuliko kwingine kote. Taaluma hii ina sheria yake, ya mwaka 2014, inayowahusu washauri na wanasaikolojia, na una haki ya kumuuliza mtu kama amesajiliwa. Atavunja siri tu pale maisha yako au ya mwingine yanapokuwa hatarini, na mshauri mzuri hukueleza hilo siku ya kwanza. Zaidi ya hayo, yeye hafahamiani na mwenye stoo wala na mwenye nyumba.

Uwezo. Kipindi cha tatu aliniomba nije na daftari la madeni. Nilidhani anataka kunifundisha hesabu, nikaudhika kidogo. Akaniambia niyasome moja moja kwa sauti, na kwa kila deni niseme mwili unahisi nini. La kodi, hakuna kitu. La Nyamakima, hakuna. Nilipofika kwa shilingi 18,000 nilizokopa kwa shemeji yangu, sauti ilikatika. Shemeji huyo hakuwahi hata siku moja kunidai. Miezi yote nilidhani ni madeni yangu yote yanayonikesha, kumbe lilikuwa moja, na kilichonikesha ni aibu. Kazi ya namna hii sijaiona ikifanywa kwingine.

Lakini mshauri haandiki dawa, halipi kodi, na si kila mshauri atakufaa. Wa kwanza niliyemwona alikuwa akitazama simu yake nikiwa nalia. Nilikaribia kuacha kabisa. Kumbadilisha mshauri ni ruhusa, na huhitaji kumwomba msamaha.

Njia hii inamfaa anayeweza kufanya kazi lakini kila siku kwa shida zaidi, anayebeba jambo ambalo hawezi kuliacha lisikike mtaani, na mwenye uwezo wa kutenga saa moja kwa wiki.

Hospitali

Muda. Siku ya kwanza ni nzito: unatoka alfajiri, unarudi jioni, duka umelipoteza. Baada ya hapo, hali ikitulia, kliniki huwa mara moja kwa mwezi au mara chache zaidi. Ukijumlisha miezi sita, huenda hospitali ikala saa chache kuliko mshauri. Hilo sikulitarajia.

Pesa. Hospitali ya umma ni nafuu kuliko ya binafsi, ingawa dawa huenda ukaambiwa ununue nje. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua mahali pa NHIF, bima ya zamani, Oktoba 2024, na sisi tusio na mshahara tunatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Hakikisha uko sawa kabla ya siku ya kliniki, kisha uliza dirishani ni huduma gani zimelipiwa kabla ya kuanza matibabu.

Siri. Kisheria uko salama: Sheria ya Afya ya Akili, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inatambua haki ya mgonjwa kuwekewa siri, na taarifa zako za afya zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Tatizo liko kwenye foleni. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili pale Thika Road, ipo tangu 1910, na katika jiji hili jina lake limegeuzwa tusi. Anayekuona ukishuka pale anadhani amekwisha kukujua. Ukitaka, anzia kwenye hospitali ya kawaida au kituo cha afya cha kaunti, ambako mtu akikukuta atadhani umekuja kwa malaria.

Nami nilikutwa. Asubuhi ya kliniki yangu ya pili nilikaa kwenye benchi, nikageuka, nikamwona baba mmoja anayeuza viatu kwenye soko letu. Alinitazama, nikamtazama, kila mmoja akaangalia sakafu. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Alipoitwa jina, aliinuka akaniwekea gazeti lake mkononi bila kusema kitu. Leo akipita dukani kwangu jioni husema, "Umekula?" na sisi wawili tunajua anauliza kuhusu dawa.

Uwezo. Daktari ataanza na mwili, na hapo ndipo hospitali inapowapita wengine wote. Upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri vinaweza kukuchosha na kukunyong'onyeza usijue tofauti. Huwezi kuombea wala kuzungumzia upungufu wa damu ukaisha. Akiona ni sonona anaweza kukuandikia dawa. Zijue tabia zake mapema: nafuu huchukua wiki kadhaa, mara nyingi kati ya mbili na sita, ilhali kinywa kukauka au kichefuchefu huanza siku za kwanza. Wengi huacha hapo katikati, wakisema hazifanyi kazi. Nyingine, kama amitriptyline, huleta usingizi, kwa hiyo mwambie daktari kama unaamka saa kumi kwenda sokoni, unaendesha boda boda au unatumia mashine. Na ukipata nafuu usizikatishe ghafla. Zinapunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo yake.

Inamfaa aliyezidiwa kiasi cha kushindwa kuinuka, kula au kulala kwa wiki mbili na zaidi, ambaye ukoo wake una historia ya magonjwa ya akili, au aliyejaribu kuongea mara nyingi na mwili ukakataa kufuata.

Chama na wenzako wa soko

Muda na pesa. Hapa hakuna cha kulinganisha: mnakutana Jumapili hata hivyo, na hulipi zaidi ya mchango wako.

Siri. Ndipo chama kinapovuja. Sisemi kwamba watu ni wabaya. Ni kwamba pesa na moyo vimewekwa kwenye kikapu kimoja. Anayesikia kwamba hulali ndiye anayesubiri mchango wako wiki ijayo, na hata akikupenda hawezi kuacha kupiga hesabu. Kilichonisaidia ni kutafuta wawili walio nje ya mzunguko wangu wa fedha: mmoja anauza spea, mwingine ana saluni Umoja. Hakuna anayemdai mwenzake. Tunakutana kwa chai Jumanne moja kila baada ya wiki mbili.

Uwezo. Usiwadharau kwa kuwa hawana cheti. Hakuna mtaalamu aliyewahi kunielewa haraka kama mwenye spea niliposema "kanjo walipita jana", yaani askari wa kaunti; hakuhitaji maelezo. Na kuna ushahidi kwamba mtu wa kawaida, akifundishwa, anasaidia kweli. Shirika la Afya Duniani lilitunga mafunzo mafupi ya vikutano vitano. Ndani yake mna kupumua kwa utulivu, kutatua tatizo moja baada ya jingine, kurudia shughuli ulizoziacha na kuwakaribia tena watu wanaokushika mkono. Yalijaribiwa viungani mwa Nairobi na wahudumu wa afya ya jamii, kwa wanawake waliopitia ukatili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha dhiki yao ilipungua. Hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa mtaa wenye mafunzo. Ukimwona mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, muulize anaweza kukuelekeza wapi.

Mipaka ni kwamba wenzako, wakipenda kukusaidia, watakimbilia suluhisho la biashara: ongeza mali, hamisha duka, kopa kwingine. Na soko lina desturi ya kulinganisha mateso. Ukisema hulali, mmoja atasema yeye hajalala tangu gonjwa la korona.

Wanamfaa mwenye upweke wa kazi, anayefanya maamuzi yote peke yake, na ambaye tatizo lake kweli limezaliwa na biashara: kodi, wateja wa kukopa, mali kuoza.

Kiongozi wa dini

Muda. Wengi hupokea simu usiku, na usiku ndio saa yetu mbaya. Pesa. Hakuna ada. Ukijikuta unaombwa sadaka maalumu ili tatizo liondoke, wakati deni ndilo linalokuumiza, ondoka hapo utafute kiongozi mwingine. Wapo waaminifu wengi.

Siri. Hutegemea mtu. Padri Mkatoliki amefungwa na siri ya kitubio na hawezi kuitoa kwa yeyote. Nje ya kitubio, na kwa madhehebu mengine, uliza kabla ya kusema: hili litabaki kati yetu, au litaingia kwenye orodha ya maombi? Nimewahi kusikia jambo langu likiombewa kwa sauti na watu 40, bila jina, lakini kila mtu alijua ni duka la nani.

Uwezo. Kuna mafundo ambayo ni ya imani, na mshauri hawezi kuyafungua hata awe hodari vipi. Mfanyabiashara Mwislamu wa Eastleigh aliyechukua mkopo wenye riba, na sasa swala inamwia nzito, anahitaji kumwona sheikh. Mkristo aliyemwahidi Mungu fungu la kumi wakati wa shida, kisha akashindwa, anahitaji mchungaji wa kumwambia kwa mamlaka kwamba hajalaaniwa. Mimi nilikuwa na fundo la namna hiyo, kuhusu mtoto niliyempoteza, na liliguswa kanisani baada ya mshauri kulizunguka wiki tatu.

Hatari ni moja na ni kubwa: kuambiwa uache dawa kwa sababu ni pepo. Kiongozi anayesema hivyo amevuka kazi yake. Wenye hekima hukuombea na kukusindikiza kliniki.

Ukiwa katika hali gani

Kama hujawahi kumwambia mtu yeyote, na kutamka tu ndiko kunakokutisha, anza na simu ya msaada kama ile ya 1199. Asiyekujua jina hawezi kukukatia mali ya mkopo. Simu haitibu kitu kwa muda mrefu, lakini inakufundisha kusema sentensi ya kwanza.

Kama ni wewe peke yako dukani na huna wa kukushikia, na tatizo halijakuangusha, mshauri wa simu saa za mchana ndiye atakayekuachia mauzo yako. Kama hata shilingi 2,500 haipo, pitia vituo vya mafunzo, au watu wawili walio nje ya chama chako, au kiongozi wa dini uliyemuuliza swali la siri.

Kama ulianza kukosa usingizi siku ulipochukua mkopo wa simu, yatenganishe mambo mawili. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kukutisha, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Hilo ni la kuripotiwa. Hesabu ya kulipa ifanye na mwenzako wa soko aliyewahi kutoka humo. Aibu yenyewe mpelekee mshauri au mchungaji.

Kama wiki mbili zimepita na mwili hauinuki, nenda hospitali kwanza, hata kama imani yako ni kubwa na marafiki ni wengi. Mengine yatafuata ukiwa umelala na kula. Hivi ndivyo ningefanya mimi kama ningerudishwa ile jioni ya ndengu. Nilianza na chama, nikapoteza miezi.

Kama unatumia dawa na zimekutuliza lakini maisha bado hayana ladha, ongeza mshauri au wenzako. Unaweza kutumia njia mbili kwa wakati mmoja. Waambie tu wote wawili ili ushauri usigongane.

Na kama uliyesoma hapa si wewe mwenye duka bali mteja, umemwona mama anapima gorogoro ileile mara tatu, mshike mkono. Akikwambia ni uchovu tu, rudi kesho, hata kama huna cha kununua.